Abunuwasi Amerudi: Je, Tumpokeeje?



Mtu akirudi kwao baada ya safari ya miaka mingi, wenyeji humtazama mara mbili. Kwanza humtazama uso, wajue kama ni yeye. Kisha hutazama mzigo, wajue amerudi na nini. Mwaka huu parishi yetu hapa Mwese imempokea msafiri wa namna hiyo. Jina lake ni Abunuwasi, naye nusura atugombanishe.

Kisa chenyewe ni hiki. Vijana wanaofundisha Shule ya Jumapili waliomba ruhusa ya kubandika gazeti la ukutani kwenye ubao ulio nyuma ya kanisa, ili watoto wapende kusoma. Wakasema watachora vibonzo, na mhusika wao atakuwa Abunuwasi wa hekaya za kale. Wakamchora kijana wa siku hizi: kofia kichwani, pikipiki pembeni, simu mkononi. Katika kibonzo cha kwanza Abunuwasi anamtumia bibi kizee ujumbe wa simu, kwamba ile pesa aitume kwenye namba hii. Bibi anaituma. Picha ya mwisho inamwonyesha Abunuwasi akila nyama ya kuchoma.

Watoto walicheka sana. Lakini mama mmoja wa parishi yetu, ambaye hatutamtaja, alisimama mbele ya ubao ule kitambo kirefu, kisha akaondoka bila kumuaga mtu. Wengi hawakuelewa. Sisi tulielewa, maana tulijua kwamba msimu uliopita fedha yake ya mbolea iliondoka kwa ujumbe wa namna ile ile, na mahindi yake mwaka ule yalikuwa ya manjano tangu yakiwa magotini.

Baraza la parishi lilipokutana, maneno yalikuwa makali. Wazee wawili walitaka Abunuwasi aondolewe kabisa, kwa sababu ni mwongo na mlaghai, na nyumba ya Mungu si mahali pa kuwasifia walaghai. Vijana wakajibu kwamba Abunuwasi ni urithi wetu, kwamba wazee hao hao walimsoma shuleni wakacheka, na kwamba hadithi ya kale isipovishwa nguo za leo watoto hawataisoma. Tena wakakumbusha kwamba mmoja wa wale wazee alikuwa akikata na kuhifadhi vibonzo vya Chakubanga, yule aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Mzee akanyamaza, lakini hakubadili msimamo. Ndipo Kasisi wetu akatugeukia sisi, kwa kuwa tumekula vumbi la chaki miaka zaidi ya thelathini, mingi kati yake katika chuo cha ualimu, akatuomba tulitafakari jambo hili na kuliandika.

Basi swali ni hili: mhusika wa kale akifufuliwa kwa ajili ya wasomaji wa leo, tuna haki ya kubadili nini kwake, na tuna wajibu wa kumwachia nini?

Abunuwasi ni nani?

Kwanza tuondoe dhana moja. Wako wanaosema kwamba mhusika wa kale asiguswe hata kidogo, abaki kama alivyokuwa. Tukiwauliza, alivyokuwa lini? hawana jibu. Abu Nuwas halisi alikuwa mshairi wa Baghdad katika zama za Khalifa Harun al-Rashid. Alifariki yapata mwaka 814, na sifa yake kubwa katika fasihi ya Kiarabu ni mashairi ya mvinyo. Hadithi zilipozunguka kutoka mdomo hadi mdomo, na kuvuka bahari hadi pwani yetu, yule mshairi akaachwa nyuma. Aliyeshuka jahazini alikuwa mtu mwingine: mjanja wa mjini, mwenye mfuko mtupu na akili nyingi, anayebishana na sultani na matajiri na kuwashinda. Mvinyo umesahauliwa kabisa. Mtoto wa Kiswahili akisikia jina Abunuwasi hafikirii ushairi, anafikiria sufuria iliyozaa.

Baadaye akaingia vitabuni. Sisi Waanglikana tunayo sababu ya kukumbuka jinsi hadithi za Kiswahili zilivyoanza kuwekwa katika chapa, kwa kuwa mmoja wa waliotangulia katika kazi hiyo alikuwa Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, na ambaye mwenyewe alikuja kuwa askofu mwaka 1874. Kabla ya hapo, mwaka 1870, alichapisha London kitabu cha hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, miongoni mwazo kisa cha Punda wa Dobi na kile cha Sultani Darai. Mtu huyu aliyetafsiri Maandiko hakuona aibu kuketi na kuandika visa vya wanyama wajanja. Hekaya za Abunuwasi nazo zikachapwa wakati wa ukoloni, zikasomwa shuleni, na kizazi chetu kilizikuta darasani.

Kisha mwaka 1996 mchoraji Godfrey Mwampembwa, ambaye wengi humfahamu kwa jina la Gado, alimtoa Abunuwasi katika kitabu cha vibonzo kilichochapishwa Nairobi. Gado ni Mtanzania, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyejipatia jina kwa kuwachora wakubwa wa nchi katika gazeti la Daily Nation la Kenya. Hatuoni ajabu kwamba mtu mwenye kazi ya kuwachekesha raia juu ya watawala alivutwa na mjanja wa ikulu ya sultani. Wanafanana kazi.

Kwa hiyo vijana wetu si wa kwanza kumvisha Abunuwasi nguo mpya. Amebadilishwa nguo miaka zaidi ya elfu moja. Hatuwezi kuwalaumu kwa pikipiki wala kwa simu. Kama kuna kosa, liko penginepo.

Kosa letu wenyewe

Wako wengine wanaosema: basi abakie, lakini asafishwe. Aondolewe uongo, aondolewe kiburi, afundishwe adabu. Hawa tunawajua vizuri, kwa maana tulikuwa miongoni mwao.

Tukiwa chuoni, tuliwahi kuandaa masomo ya kusoma kwa ajili ya wanachuo waliokuwa wakienda kufanya mazoezi ya kufundisha. Tulimchukua Abunuwasi tukamwosha kwa sabuni. Katika hekaya yetu aliazima sufuria kwa jirani, akaipikia, akaisafisha, akairudisha kwa wakati, na jirani akamshukuru. Tuliona tumefanya kazi njema. Mwanachuo wetu aliisoma mbele ya darasa la tatu, nasi tumeketi nyuma na daftari la kukagua. Watoto walisikiliza kwa heshima, kimya. Alipomaliza, mtoto mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, huyu ndiye Abunuwasi yule, au ni mwingine mwenye jina lake?"

Mwanachuo alitutazama sisi ili tumsaidie. Hatukuwa na la kumwambia. Mtoto yule alikuwa ameona kwa dakika kumi jambo ambalo sisi hatukuliona kwa wiki nzima: kwamba tulikuwa tumechukua jina la mtu tukampa mtu mwingine. Tulikuwa tumewadanganya watoto, na jambo la kushangaza ni kwamba tuliwadanganya kwa nia ya kuwakataza uongo.

Somo ubaoni na darasa lenyewe

Njia ya tatu ni ya kubadilisha kidogo tu, pale panapoonekana, ili watu wasilalamike. Kwa hii tuvuke Ziwa Tanganyika hadi Kongo, nchi ambayo baadhi ya wazee wetu walipita miaka ya 1960 wakati walipokuwa wakimbizi kutoka Rwanda, kabla ya kufika milima hii ya Mwese.

Mchoraji Mbelgiji Georges Remi, aliyejiita Hergé, alibuni kijana mwandishi wa habari jina lake Tintin, ambaye vibonzo vyake vinasomwa duniani kote. Safari ya Tintin nchini Kongo ilianza kutokea gazetini mwaka 1930, ikawa kitabu mwaka 1931, Kongo ikiwa koloni la Ubelgiji. Ndani yake Tintin anasimama mbele ya darasa la misheni na kuwaambia watoto Waafrika kwamba atawafundisha habari za nchi yao, Ubelgiji. Kitabu kilipochorwa upya kwa rangi mwaka 1946, maneno yale yakaondolewa. Sasa Tintin anafundisha hesabu. Anauliza mbili na mbili ni ngapi, na darasa zima linanyamaza.

Sisi walimu tutazame picha hiyo kwa makini. Maneno ya ubaoni yalibadilika, lakini darasa halikubadilika. Watoto ni wale wale, wamechorwa kwa dharau ile ile, na bado hawajui kitu mpaka mgeni afike. Mwaka 2007 Mkongomani aliyekuwa akiishi Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alipeleka shauri mahakamani Brussels akitaka kitabu hicho kizuiwe kuuzwa. Mwaka 2012 mahakama ilikataa ombi lake. Hatuandiki haya ili tuhukumu mahakama za watu. Tunataka kuonyesha tu kwamba kufuta neno moja si kutubu. Ukipaka chokaa ukuta wenye ufa, mvua ya kwanza itakuumbua.

Nani analipia kicheko?

Basi, kama kumwacha vile vile haiwezekani, na kumsafisha ni kumwua, na kumpaka chokaa ni kujidanganya, tufanyeje?

Tumefikiri sana, na tumerudi kwenye hekaya zenyewe. Tukumbuke ile ya sufuria. Abunuwasi aliazima sufuria, akairudisha na nyingine ndogo, akasema imezaa. Jirani akazipokea zote mbili kwa furaha. Akaazima tena, na safari hii haikurudi. Alipoulizwa akasema imekufa. Jirani akapiga kelele kwamba sufuria haiwezi kufa, akajibiwa kwamba iliyoweza kuzaa itashindwaje kufa?

Tukumbuke pia ile ya maskini aliyekula chakula chake kikavu karibu na jiko la tajiri, ili apate harufu ya kitoweo. Tajiri akamdai malipo ya harufu. Abunuwasi akazigonga fedha zikalia, akamwambia tajiri kwamba harufu imelipwa kwa mlio.

Katika hekaya zote mbili tunacheka. Lakini kila kicheko kina bei, na yuko mtu anayeilipa. Katika ile ya harufu, anayelipa ni tajiri mchoyo aliyetaka kumla maskini. Katika ile ya sufuria, anayelipa ni jirani aliyekubali upuuzi kwa kuwa ulikuwa na faida kwake. Angesema kweli siku ya kwanza, "Ndugu, sufuria haizai, chukua yako," sufuria yake ingekuwa salama mpaka leo. Amenaswa na tamaa yake mwenyewe.

Sasa tutazame kibonzo cha vijana wetu. Bibi kizee yule alikosa nini? Hakuwa mchoyo, hakumdhulumu mtu. Alimwamini mtu, basi. Kicheko chetu kimelipiwa na yeye, kama fedha ya mbolea ilivyolipiwa na mama yule aliyeondoka bila kuaga. Vijana walidhani wamebadilisha nguo tu. Kumbe walikuwa wamembadilisha mtu mwenyewe: walimtoa Abunuwasi upande wa mnyonge wakamweka upande wa mwenye nguvu. Aliyebandikwa nyuma ya kanisa hakuwa Abunuwasi. Alikuwa tapeli aliyejivika kilemba chake.

Hapa tunawapa wazee wawili haki yao, kwa kuwa moyo wao ulisikia uchungu ambao vijana hawakuusikia. Na tunawapa vijana haki yao pia, kwa kuwa kumfukuza Abunuwasi kusingemfukuza tapeli. Tapeli anaishi ndani ya simu zetu, hahitaji ubao wa kanisa. Pengine mtoto aliyezoea kuuliza kama Abunuwasi, sufuria huzaaje? ndiye atakayemwuliza bibi yake, huyu anayetaka pesa ni nani?

Lakini uongo si ni uongo?

Tunajua yuko msomaji anayesema: Mwalimu, umezunguka sana, lakini Abunuwasi alisema sufuria imezaa, na haikuzaa. Je, mtoto atajifunza nini?

Swali hili ni la haki, na hatutaki kulikwepa. Hatusemi kwamba uongo huwa mwema ukimpata mchoyo. Tunasema kwamba hekaya si amri. Nabii Nathani alipomwendea mfalme Daudi, hakuanza na lawama. Alianza na kisa cha maskini mwenye kondoo mmoja, mfalme akakasirika, akatoa hukumu, na ndipo akagundua kuwa amejihukumu mwenyewe. Hapakuwa na kondoo yule. Wala hatujasikia mtu akimwita Nathani mwongo. Mwenye nguvu mara nyingi hasikii kweli ikimjia mlangoni, na hekaya huipitisha dirishani. Mtoto anaposikia habari ya sufuria, hafundishwi kuiba sufuria, maana anajua kama sisi kwamba sufuria hazizai. Anafundishwa kuona jinsi tamaa inavyompofusha mtu mzima.

Hata hivyo hatuwezi kumwachia mtoto kazi hiyo peke yake. Zamani hekaya zilisimuliwa jioni kando ya moto, na msimulizi alikuwepo. Mtoto akicheka mahali pasipofaa, bibi alimtazama, na mtazamo ule ulikuwa nusu ya somo. Kibonzo cha ukutani hakina macho. Anayekirudisha kisa cha kale bila kumrudisha mtu mzima wa kuketi karibu na mtoto, amerudisha nusu tu.

Tena tukiri kwamba ziko hekaya za kale, za Abunuwasi na za wengine, ambamo anayelipia kicheko ni mtu asiye na kosa: mlemavu, mtumwa, mwanamke, mgeni. Hizo tusizichome moto, wala tusizipake chokaa kama Tintin. Zibaki vitabuni kama zilivyoandikwa, na wakubwa wazisome wajue tulikotoka. Lakini si kila aliyelala lazima aamshwe.

Yaliyofuata

Tuliwasomea vijana haya kabla ya kuyapeleka kwa mhariri. Hawakufurahi mwanzoni. Mmoja akasema kwa ukali kidogo kwamba sisi wazee tunataka Abunuwasi ambaye hamkeri mtu. Tukamjibu, la hasha, tunataka amkere mtu anayestahili. Wakaondoka na karatasi zao.

Jumapili ya tatu kikabandikwa kibonzo kingine. Mnunuzi wa mazao amekuja na magunia, anadai lumbesa. Anashindilia mahindi, anayapandisha juu ya mdomo wa gunia kama mlima, na kusema kwamba kilemba cha gunia hakihesabiwi. Abunuwasi anakubali kwa unyenyekevu. Wakati wa kulipwa anahesabu noti zinazotimiza bei, kisha anazivuta nyingine nyingi juu yake. Mnunuzi anapiga kelele. Abunuwasi anamjibu kwamba kama kilemba cha gunia hakihesabiwi, basi na kilemba cha noti kisihesabiwe.

Hakuna mkulima wa Mwese aliyeuliza maana yake. Waume kwa wake walisimama pale mpaka Kasisi akapiga kengele mara ya pili.

Yule mama naye alikuja. Hatutasema kwamba alicheka, kwa maana hakucheka. Alisoma picha moja moja, kwa kidole, mpaka ya mwisho. Kisha akawauliza vijana, "Huyu mnunuzi mbona mmemchora mnene kuliko alivyo?" Vijana wakakosa jibu. Akaingia kanisani, akaketi mahali pake pa siku zote.

Tunawaomba wazazi jambo moja. Katika nyumba zetu ziko hekaya nyingi zinazosinzia. Wako waliomleta Bakame kutoka Rwanda, yule sungura mjanja ambaye kwa Kiswahili tunamwita Sungura tu, na ambaye majirani zetu wa Zambia humwita Kalulu. Waiteni watoto jioni, wasimulieni, na mkaeni nao mpaka mwisho. Vijana wanahitaji visa vipya kwa ajili ya ubao. Wameahidi kwamba kabla ya kuchora watajiuliza kwanza, kicheko hiki nani atakilipia?

Nasi tumeahidi kwamba hatutawapa tena Abunuwasi aliyeoshwa kwa sabuni.